Asubuhi Mfalme, Jioni Mtuhumiwa

Jamani, siri ya mgonjwa siku hizi wameipeleka wapi? Ukiumwa kitu kingine chochote wanakuingiza chumbani, mlango unafungwa, daktari anashusha sauti. Ukiwa na kitambi, basi. Wewe ni mali ya umma. Kila mtu ana ruhusa. Konda anakiongelea. Watoto wa jirani wanakiongelea. Mama mkwe anakiongelea, na yeye ndiye wa kwanza kukupakulia.

Kazini kwetu walikuja watu wa afya kupima wafanyakazi. Bure. Na mimi nilivyoumbwa, neno bure haliwezi kunipita hivi hivi. Nikawahi foleni, nikijua mwisho wa foleni lazima kuna juisi. Hakukuwa na juisi. Kulikuwa na mizani, kulikuwa na nesi, na nesi alikuwa na tepu ya fundi cherehani.

"Mzee wangu, achia pumzi."

Mimi tumbo nilikuwa nimelibana tangu getini. Nikaachia. Tepu ikamtoka mkononi. Akaiokota, akanizunguka upya, akasoma, halafu akamgeukia mwenzake mwenye daftari. Mwenzake huyo alikuwa amekaa mwisho kabisa wa ukumbi. Viti huku karibu vilikuwepo tele. Sijui nani aliwapangia.

"Kiuno! Mia na nane!"

Ukumbi mzima ukageuka. Mhasibu akauliza mia na nane ya nini. Dereva akamjibu kwa mikono. Yule nesi, mtoto mpole tu, akaanza kunieleza: mwanamume akivuka sentimita 94 kiunoni, hatari ya kisukari na maradhi ya moyo inaanza kupanda. Akivuka 102, imepanda sana. Nikamuuliza, na huyu wa 108 je?

"Mzee wangu, wewe umepitiliza kituo."

Nikapandishwa mizani. Kilo 97. Nayo ikatangazwa. Wakachukua urefu, wakapiga hesabu yao: kilo zako unazigawanya kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Ikifika 25, umeanza kunenepa kupita kiasi. Ikifika 30, huo sasa ni ugonjwa. Yangu ilikuja 34 na vipande. Mimi hesabu za kugawanya tuliachana shule ya msingi na hatujatafutana tena, ila nilielewa kitu kimoja: pale kuna urefu. Nikamuuliza nesi kama haiwezekani tukashughulikia urefu. Akaniangalia kwa huruma. Akaita anayefuata.

Sasa nyumbani mambo yalikuwa yameshaanza kuharibika kabla ya nesi. Fundi wangu wa suruali alishagoma. Kila nikimpelekea suruali aachie mshono, ananikunjulia ndani, ananionyesha: "Mzee, kitambaa kimeisha. Hapa nikiachia tena utakuwa umevaa uzi." Mkanda nao niliuongezea tundu kwa msumari wa moto, na lile tundu jipya likakaa mbali na wenzake, linajulikana kabisa kwamba ni la kuhamia. Viatu vya kamba niliacha. Si kwamba sivipendi. Ni kwamba hatuonani.

Ndipo ikaingia ile voisi.

Mnayajua makundi ya ukoo kwenye WhatsApp. Asubuhi maua, mchana michango ya harusi, jioni misiba, na katikati ushauri wa afya usiojulikana umetoka wapi. Ikaja voisi ya bwana mmoja ana sauti nzito, sauti ya mtu aliyeshiba. Anasema: mnataka kupungua? Acheni kujinyima asubuhi. Kifungua kinywa ndicho chakula kikuu. Asubuhi kula kama mfalme...

Bando likakata.

Hapo hapo kwenye mfalme. Likakata kabisa, na ujumbe wa mtandao ukaingia kunikumbusha kwamba limekata, nisije nikadhani ni masikio. Sasa msomaji wangu niambie kwa haki. Mtu una kilo 97, una mkanda wa msumari, unatokea mtaalamu anakwambia dawa ni kula kifalme. Utasubiri vocha usikie sentensi imeishaje? Ufalme unaahirishwa? Mimi nilivaa kandambili nikatoka.

Pale kwenye kona ya mtaa wetu yupo mama ntilie. Ukifika saa moja asubuhi unamkuta ameshawasha majiko mawili ya mkaa. La kwanza lina sufuria la supu, jeusi kwa nje, ndani kongoro zimeanza kulegea, ule ute wake unavuta ukiinua upawa. La pili ni la chapati. Mimi nilikaa kwenye benchi la karibu kabisa, nikamwangalia. Anamwaga mafuta, chapati inaanza kuvimba, anaizungusha kwa vidole, vidole vyake haviogopi moto, anaigeuza, upande wa pili unalia chwaaa. Anaongeza mafuta. Anaikandamiza pembeni kwa kijiko ili hata ule ukingo usinyimwe. Halafu anaichomoa na kuitupa juu ya wenzake kwenye beseni, na karatasi iliyotandikwa chini ya beseni unaiona inageuka kioo.

"Nikupe ngapi baba?"

"Tatu. Na supu ya kongoro, jaza. Na mayai mawili ya kuchemsha. Na chai ya maziwa."

Akasimama na upawa hewani. "Unasafiri?"

"Napunguza mwili."

Wale vijana wa bodaboda walioegesha pale walicheka mpaka mmoja akamwaga chai yake. Nikawaeleza kitaalamu. Nikawaambia sayansi imesema, asubuhi unakula kifalme. Wakaniuliza sayansi ipi. Nikawaambia ya WhatsApp. Kuanzia siku ile jina langu la kubatizwa limekufa pale kijiweni. Mimi ni Mfalme. Nikitokea tu kwenye kona, "Shikamoo Mfalme!" Mama ntilie naye akalidaka: "Karibu Mfalme wangu, leo kuna mfupa nimekuwekea." Kamua limau, tia pilipili, chovya chapati. Nilijisikia kupungua pale pale.

Shida ya ufalme ni baada ya hapo. Mfalme wa kwenye vitabu akishiba anarudi kulala. Mimi nikishiba napanda daladala. Unaijua daladala ya saa moja na nusu asubuhi, ile ambayo konda anasema ndani nafasi zipo, kumbe nafasi anazoziona ni zile zilizo kati ya mbavu za watu. Chapati tatu na kongoro zinapanda na wewe. Konda ananisukuma mgongoni, dada wa mbele ananiangalia vibaya, nami sina pa kurudi. "Mzee, jivute ndani!" Nimejivuta, mwanangu. Hiki unachokiona ndicho kilichobaki baada ya kujivuta.

Kazini nafika nasinzia. Mimi ni mtu wa stoo, kazi yangu kuandika mizigo inayoingia na inayotoka. Ilikuwa ikifika saa nne macho yanajifunga yenyewe, naandika boksi mbili zimeingia nusu. Bosi akinikuta nimeegemea mabati namwambia ni dawa inafanya kazi. Halafu saa saba wenzangu wanachanga chakula cha mchana. Sasa watu mmechanga, sahani ni moja, ugali umekuja mlima, utawaambia nini? Usile, wataanza kuulizana una deni la nani. Ninakula. Kwa ajili ya umoja.

Lakini yote hayo ni madogo. Ngoja nikwambie ya jioni.

Siku moja nilirudi nyumbani tumbo bado limejaa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilirudi nimeshiba. Mama watoto amepika ubwabwa wa nazi, samaki wa kupaka, na kachumbari pembeni. Harufu imeshafika kwa jirani. Akaniwekea. Nikasema, kwa nia njema kabisa, nikijua nitasifiwa:

"Leo mimi sina njaa."

Msomaji wangu uliyeoa, najua hapo umeshika kichwa.

Mama watoto hakusema kitu. Akakaa. Akavuta kile kiti cha plastiki mpaka magoti yetu yakagusana.

"Umekula wapi?"

"Asubuhi nilikula vizuri."

"Nimekuuliza wapi."

"Kwa mama ntilie."

"Mama ntilie gani? Ana umri gani?"

"Sijamuuliza umri, mke wangu. Anauza supu."

"Kila siku unampitia?"

"Kila siku. Ni ratiba."

"Na yeye anakuitaje?"

Hapa ndipo mtu mwenye akili angesema "baba". Au "mteja". Hata "kaka" lingepita. Mimi mdomo wangu hauna breki.

"Ananiita Mfalme wangu."

Nilimaliza ubwabwa wote. Nikaongezewa, nikamaliza. Samaki nilimnyonya mpaka mifupa ya kichwa. Haikusaidia. Kesho yake jioni nikamkuta shemeji, kaka yake mkubwa, amekaa kwenye kochi langu na koti lake la vikao. Shangazi yangu naye kapigiwa, yupo kwenye spika ya simu. Kikao. Nikaulizwa maswali. Nikaeleza voisi. Nikaeleza kalori, neno nililolisikia kwa nesi na sikujua linatumikaje, nikalitumia hivyo hivyo. Shemeji akasema yeye amezaliwa kijijini, amekaa mjini miaka mingi, na hajawahi kuona mwanamume anayekula nje ili apungue. Shangazi kwenye spika akasema mwanamume akianza kukataa chakula cha nyumbani, nyumba ya pili ipo, mtafutieni tu ni mtaa gani.

Hukumu ikatoka. Kila jioni nile nyumbani. Nimalize sahani. Mbele ya mashahidi.

Basi nikawa hivyo. Asubuhi nakula kwa sayansi, mchana kwa umoja, usiku kwa ushahidi. Na bado hayajaisha. Mama watoto alikwenda mwenyewe kumwona yule mama ntilie. Alivaa kitenge cha ugomvi. Akamkuta ni bibi wa watu, ana wajukuu wanamsaidia kuosha vikombe. Ugomvi ukafa, wakaanza kupiga soga, wakawa mashoga. Mimi nikashukuru Mungu. Kumbe wamepeana siri ya zile chapati. Ule unga unavyokandwa kwa tui la nazi, unavyosukumwa, unavyopakwa mafuta na kuviringishwa. Tangu hapo zile zile chapati ninazokula asubuhi kwa pesa, jioni napikiwa kwa mapenzi.

Pale stendi kuna kijana na mizani yake, anapima uzito kwa shilingi mia tano. Siku moja nikamsogelea kwa kujiamini. Nikapanda. Akainama kusoma, akainuka.

"Mzee, shusha begi kwanza."

"Sina begi."

Akanizunguka nyuma kuhakikisha. Akarudi, akainama tena.

"Mia na mbili."

Nilifurahi! Nilimpa mkono yule kijana! Kutoka 108 mpaka 102, sayansi oyee! Nikampa buku nikamwambia abaki na chenji. Nimeshavuka barabara ndipo nikakumbuka kwamba 108 ilikuwa ya tepu. Yeye kasoma kilo.

Sasa mimi nina mtoto wa dada yangu, yupo chuo Morogoro, anasoma mambo ya lishe. Alikuja likizo. Nikamwita uani, nikamwambia mwanangu, nimedhulumiwa. Nimefuata kifungua kinywa kwa uaminifu ambao hata kanisani hawajawahi kuupata kwangu, na hiki ndicho nilicholipwa. Akaomba asikie hiyo voisi. Yeye ana bando. Vijana siku hizi wana bando muda wote, sijui wanaiba wapi. Akabonyeza. Bwana yule mwenye sauti ya kushiba akaanza upya: asubuhi kula kama mfalme, mchana kama mwana wa mfalme, usiku kama maskini.

Kimya. Yule kijana akaniangalia. Mimi nikaangalia jogoo wa jirani.

"Mjomba, hukusikia hapo kwenye maskini?"

Nitasikiaje? Kosa la nani? Maneno ya maana wanayaweka mwanzo kwa sababu wanajua watu tunanunua bando la siku. Angeanza na maskini, ningelikuwa mwembamba sasa hivi.

Basi mtoto akafungua simu akaanza kunisomea utafiti. Na mimi nataka mjue kwamba utafiti upo, sikutapeliwa kabisa kabisa. Mwaka 2013 huko Israeli, profesa mmoja mwanamama, Daniela Jakubowicz, na wenzake walichapisha habari za wanawake 93 wanene waliokula chakula sawasawa, kalori 1,400 kwa siku, kwa wiki 12. Kundi la kwanza lilipewa 700 asubuhi, 500 mchana, 200 usiku. Kundi la pili kinyume chake, 200 asubuhi, 700 usiku. Wale wa asubuhi walipungua wastani wa kilo 8.7. Wale wa usiku kilo 3.6.

Niliruka. Nikaita mama watoto aje asikie. Nikaomba shemeji apigiwe simu. Kilo 8.7!

"Mjomba, tulia. Ni 1,400 kwa siku nzima."

"Sasa mimi nakula ngapi?"

Hapo ndipo alipoharibu undugu. Akachukua karatasi. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, anasema, ya wanga au protini 4 tu. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia ni karibu kalori 120. Akaniuliza mama ntilie anamwaga vijiko vingapi kwenye chapati moja. Nikamwambia yule mama hatumii kijiko kumwagia, anatumia roho nzuri. Akaikadiria chapati moja 300, na akasema hapo ananionea huruma. Tatu, 900.

"Umeshamaliza zile 700 za asubuhi na 200 za usiku, mjomba. Na hatujagusa kongoro."

Nikamwuliza hizo 200 za usiku ni chakula gani. Akasema ndizi mbivu mbili, zaidi kidogo au pungufu kidogo kwa ukubwa wake. Yaani usiku mzima. Taarifa ya habari inaanza, taarifa ya habari inaisha, mbu wanakuja, umeme unakatika, na wewe una ndizi mbili. Wale wanawake 93 wapewe nishani.

Akaendelea kunimaliza. Kumbe watafiti wenyewe kwa wenyewe hawakubaliani. Mwaka 2019 watu wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, walikusanya majaribio 13 wakachapisha kwenye jarida la BMJ la Uingereza: wanaokula asubuhi walikula karibu kalori 260 zaidi kwa siku, na wanaoruka kifungua kinywa walikuwa wepesi zaidi, kwa nusu kilo hivi, haifiki. Hao hao wakaonya kwamba mengi ya majaribio yenyewe hayakuwa imara. Mwaka 2022 wakaja wa Aberdeen, Scotland. Watu 30, chakula wanapikiwa, wiki nne wanakula kingi asubuhi, wiki nne kingi jioni, jumla ile ile. Wakapungua sawasawa, kilo tatu na kidogo kila upande.

"Sasa faida ya asubuhi iko wapi?" Nilikuwa nimeshakata tamaa.

"Njaa, mjomba. Wakila vizuri asubuhi, siku nzima walisikia njaa kidogo. Na mwili asubuhi unaishughulikia sukari vizuri kuliko usiku. Ukishiba asubuhi ni rahisi usiku kula kidogo. Ila lazima huo usiku ule kidogo."

Huo usiku. Kila njia inarudi kwenye huo usiku.

Nikamwuliza, basi nani hasa aliyeanza kusema kifungua kinywa ndicho chakula kikuu? Akanipa habari za Marekani, mji wa Battle Creek, Michigan. Daktari John Harvey Kellogg aliongoza hospitali ya kutunza afya za watu pale, na jina la ukoo wake mnalijua, lipo kwenye maboksi ya mahindi makavu madukani. Daktari huyo alihariri jarida la afya, na ni humo, mwaka 1917, mama mmoja wa lishe, Lenna Cooper, aliandika kwamba kifungua kinywa kwa mambo mengi ndicho chakula muhimu kuliko vyote. Nikanyamaza nikafikiri. Nafaka za asubuhi na jarida la kuisifia asubuhi, vyote mji mmoja, ukoo mmoja. Watu wana akili. Mama ntilie wetu naye amekosa jarida tu.

Mwisho mtoto akaniandikia ratiba. Asubuhi: mayai mawili ya kuchemsha, kipande cha kiazi kitamu, maharage bila mafuta mengi, papai, chai isiyo na sukari. Akasema huo ndio ufalme wa kweli, mayai na maharage yanakaa tumboni, hayakuachi unatafuta andazi saa nne. Mchana: ugali wa dona usiozidi ngumi yangu, samaki, mboga za majani nyingi. Nikakunja ngumi nikaiangalia. Nikamwuliza kama nikiifungua inahesabika. Akakataa. Jioni: mchicha, maharage kidogo, kipande cha tikiti. Kutembea kidogo kila siku, angalau nishuke daladala kituo kimoja kabla.

Nikakubali vyote. Mimi si mkaidi, kama mnavyoniona. Nikamwambia nimekubali asubuhi, nimekubali mchana, hata ile ngumi nimekubali. Lakini ya jioni sitaisema mimi. Mimi nipo chini ya hukumu. Nikisema tena sina njaa, safari hii shangazi hatakuja kwa spika, atapanda basi. Wewe ni msomi, una karatasi, nenda ukamweleze anti yako.

Akaingia jikoni na ile karatasi. Kifua mbele, chuo kizima nyuma yake. Mimi nikabaki uani nasikiliza. Nikasikia "anti, kitaalamu". Nikasikia "mlo wa usiku". Kisha nikasikia mama watoto akimwuliza mbona amekonda hivyo, huko chuoni wanawalisha nini. Kisha kiti kikavutwa. Kisha kijiko kikagonga sahani. Kitaalamu sikuisikia tena.

Akatoka baada ya muda mrefu. Kashika sahani mbili, moja yake, moja yangu. Ubwabwa umejaa, na juu yake chapati imekunjwa mara nne.

"Mjomba, anti kasema tule kwanza, halafu tutaongea."

Hawajaongea mpaka leo. Ratiba ipo, imebandikwa pale kwenye mlango wa kabati, chini ya kalenda ya benki, na mama watoto ameandikia nyuma yake orodha ya sokoni: unga wa ngano, nazi, mafuta lita tano. Mtoto wa dada bado yupo, likizo imerefuka, anasema anakusanya data. Juzi nimemwona kwenye kochi baada ya chakula cha usiku amekaa kwa kuegemea nyuma kabisa, mkono mmoja uko chini ya shati, anafungua kifungo cha suruali kimya kimya akidhani nasinzia.

Nikamwambia mwanangu, usione haya. Kesho nitakupeleka kwa fundi. Ila uende na kitambaa chako.